Upumuaji 20, 20, 20: vipimo vya mgonjwa visivyopimwa

Pitia mafaili wodini uangalie safu ya upumuaji. Mara nyingi utakuta 20, 20, 20, kitanda cha kwanza hadi cha mwisho, asubuhi na jioni. Joto limepimwa na presha imepimwa, lakini pumzi huhesabiwa kwa macho na saa, basi mtu akaona shida akakadiria. Ubaya ni kwamba pumzi ni kati ya vitu vinavyobadilika mapema mgonjwa anapoanza kuzidiwa. Mwenye nimonia, au mwenye kisukari ambaye damu yake imejaa asidi, hupumua haraka ili kufidia, huku presha yake, hasa akiwa kijana, ikibaki nzuri kwa muda mrefu. Ukisubiri presha ishuke ndipo ushtuke, umeshachelewa.

Kwa hiyo mwanafunzi wa uuguzi, jifunze kuhesabu pumzi kabla hujajivunia stetoskopu. Usimwambie mgonjwa unachohesabu, maana akijua atabadilisha upumuaji wake bila kukusudia. Shika kifundo cha mkono, hesabu mapigo kwa vidole viwili au vitatu (si gumba, gumba lina mapigo yake), kisha bila kuachia mkono hamishia macho kifuani. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima. Anayehesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4, akikosa pumzi moja tu amekosea nne.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akifika 25 na kuendelea, au akishuka hadi 8, usimalize mzunguko wa wodi kwanza, toa taarifa hapo hapo. Kwa watoto, pumzi ni za haraka zikifika 60 kwa aliye chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa wa mwaka 1 hadi chini ya 5. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Na wakati unahesabu, tazama pia: pua inatanuka? Kifua kinabonyea chini ya mbavu? Mtu mzima anamaliza sentensi au anakata maneno katikati ili avute hewa?

Mapigo yakiwa hayana mpangilio, usiyaamini ya kifundoni peke yake. Weka stetoskopu kwenye ncha ya moyo, upande wa kushoto, nafasi ya tano kati ya mbavu, usawa wa katikati ya mtulinga, uhesabu dakika nzima.

Presha ndiyo inayoharibiwa zaidi, na huharibiwa kabla mashine haijawashwa. Mgonjwa apumzike dakika 5, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga sakafu bila kukunjwa nne, kibofu kitupu, na mkono umelala juu ya kitu usawa wa moyo. Mkono ukining'inia, namba hupanda. Asizungumze, nawe usimhoji. Mkanda usikae juu ya shati, na ukingo wake wa chini uwe sentimita 2 hadi 3 juu ya kiwiko. Mfuko wa hewa ulio ndani yake uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono. Wodi nyingi zina mkanda wa saizi moja tu, na huo ukifungwa kwenye mkono mnene hutoa presha ya juu ya uongo. Kwenye mkono mwembamba, hutoa ya chini. Epuka mkono wenye dripu au wenye mshipa ulioandaliwa kwa kusafisha damu.

Kwa mashine ya kusikiliza mapigo kwa stetoskopu, jaza hewa kwanza huku vidole viko kwenye mapigo ya kifundo. Tuseme yamepotea kwenye 190. Toa hewa yote, subiri nusu dakika au zaidi, kisha jaza hadi 210 au 220 na ushushe 2 hadi 3 kila sekunde. Hatua hii wengi huiruka wakidhani ni mapambo ya darasani. Lakini kwa baadhi ya wenye presha ya juu, hewa ikishuka, sauti ya mapigo husikika, hupotea, kisha hurudi. Aliyejaza hadi 160 tu akaangukia ndani ya pengo hilo atasikia sauti ya kwanza kwenye 145 na kuandika 145, kumbe mgonjwa ana 190.

Oksimita, kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu kwa mwanga, nayo ina hila zake. Rangi ya kucha na piko huweza kuzuia mwanga, na vidole vya baridi hupoteza mapigo. Hamia kidole kingine au ndewe ya sikio. Hatari zaidi ni aliyelala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa: oksimita ya kawaida haitofautishi oksijeni na hewa ya sumu ya mkaa, hivyo inaweza kuonyesha asilimia 98 kwa mtu anayekufa.

Kwenye ngozi nyeusi usitafute upungufu wa damu shavuni. Geuza kope la chini, tazama na viganja. Ubuluu wa kukosa oksijeni utafute kwenye ulimi na ndani ya midomo. Umanjano wa macho uangalie kwa mwanga wa dirishani, taa nyingine hudanganya.

Maneno ya mgonjwa yaandike alivyoyasema, kisha uyachimbe. "Kichomi" kwa mmoja ni maumivu ya ubavuni anapovuta pumzi, kwa mwingine ni kifua kizima. Mwambie, "Mama, nionyeshe kwa kidole kimoja," na umuulize kimeanza lini, kinaenda wapi, nini kinakizidisha.

Katika faili, kila namba iwe na saa yake, na presha iwe na mkono uliopimwa na mkao wa mgonjwa. Joto la kwapani liandikwe kuwa ni la kwapani, kwa sababu kwa kawaida huwa chini kidogo ya la mdomoni. Unapompigia daktari, taja kipimo cha sasa pamoja na kilichotangulia: 110/70 haimshtui mtu, mpaka asikie kwamba asubuhi ilikuwa 170/100.