Je, wajua kwa nini biskuti ya anisi huonekana tamu kuliko sukari iliyomo?

Ukizunguka Italia utakuta biskuti za anisi karibu kila upande. Abruzzo wana pizzelle, nyembamba mno, zinazochomwa kati ya bamba mbili za chuma zenye nakshi. Kwenye vilima vya kusini mwa Roma kuna ciambelline, vijiduara vya unga uliokandwa kwa mvinyo na mafuta, bila yai wala siagi. Sardinia wana anicini, ambazo huokwa mara mbili mpaka zikauke kabisa. Zote zinafanana kwa jambo moja: mlaji huzihisi tamu kupita sukari iliyotiwa. Kwa hiyo anayetaka kupunguza sukari na wanga ana sababu nzuri ya kuanza na biskuti hizi kabla ya nyingine.

Jibu ambalo wengi hulitoa haraka ni anetholi. Ndiyo kemikali inayochukua zaidi ya asilimia 80 ya mafuta yanayonukia ndani ya mbegu ya anisi. Imo pia kwenye bizari tamu, ile ambayo mikahawa mingi ya Kihindi humletea mteja atafune baada ya mlo, na kwenye anisi nyota, ijapokuwa anisi nyota hutoka kwenye mti usio na undugu wowote na mmea wa anisi. Uzito kwa uzito, anetholi ni tamu takriban mara 13 kuliko sukari.

Hebu sasa tupige hesabu. Kijiko kimoja cha chakula cha mbegu za anisi kina gramu 7 hivi, nacho kinatosha donge la biskuti ishirini na kitu. Tukichukulia kwamba mafuta ni asilimia 3 ya uzito huo, tunapata gramu 0.2 tu. Zidisha kwa 13: utamu wake ni sawa na gramu 2.6 za sukari. Hicho ni chini ya kijiko kimoja cha chai, tena kwa biskuti zote! Anetholi peke yake haiwezi kuwa jibu.

Jibu kubwa liko puani. Tunapotafuna, harufu hupanda kwa nyuma ya koo hadi puani, na ubongo huiunganisha na kile ambacho ulimi unaonja. Mtu aliyekula anisi maisha yake yote ndani ya peremende, keki na biskuti, ubongo wake umeshajifunza kwamba harufu hiyo huja pamoja na sukari. Harufu ikifika, utamu huongezewa. Vanila hufanya kazi hiyo hiyo. Ukitaka kuhakikisha, bana pua, tafuna kipande cha biskuti, kisha achia pua katikati ya kutafuna. Ladha itafunguka ghafla, na utamu nao utapanda.

Kwa hiyo kazi ya mwokaji ni kuitoa harufu yote ndani ya mbegu na kuifikisha puani. Anetholi haiyeyuki vizuri kwenye maji, ila huyeyuka kwenye kileo na kwenye mafuta. Ndiyo maana Waitaliano wengi humimina sambuca au anisetta, vileo vyenye ladha ya anisi, kwenye donge. Mjini Ascoli Piceno, anisetta ya kampuni ya Meletti imetengenezwa tangu 1870. Asiyetumia kileo hapungukiwi na kitu: aponde mbegu kwenye kinu, azipashe moto mdogo ndani ya mafuta au siagi, aache zipoe humo humo ndipo akande. Tena utaratibu huu si mgeni. Cato, Mrumi aliyeandika kuhusu kilimo karne ya 2 kabla ya Kristo, aliacha maelekezo ya vitumbua vya sherehe vyenye unga wa ngano, maji ya zabibu, anisi, bizari nyembamba, mafuta ya nyama na jibini, vikiokwa juu ya majani ya mlaureli.

Sukari, hata hivyo, haipo kwenye biskuti kwa utamu pekee, na hapa ndipo mapishi mengi ya wanga kidogo yanapoanguka. Sukari huyeyuka ovenini, kisha ikipoa hugeuka ngumu na kuipa biskuti ule mlio wa kukatika. Husaidia pia rangi ya kahawia. Ngano nayo ina gluteni, protini inayoshika donge, na wanga unaokauka ukawa mgumu. Ukitoa vyote viwili, harufu itabaki nzuri, ila biskuti itamong'onyoka mkononi.

Mbadala wa kawaida ni unga wa lozi. Ngano ina wanga wa gramu 75 hivi katika kila gramu 100. Lozi ina takriban 20, na zaidi ya nusu yake ni nyuzinyuzi. Lakini nusu ya uzito wa lozi ni mafuta, na gluteni haina. Mayai ndiyo yatakayoshika donge, pamoja na gundi ya ksanthani, nusu kijiko cha chai. Kwa biskuti za kuoka mara mbili, tengeneza gogo bapa, lioke kwenye nyuzi 160 za Selsiasi kwa dakika 25 hivi, kisha liache lipoe kabisa. Gogo la ngano hukatwa likiwa na uvuguvugu. La lozi likikatwa hivyo litasambaratika. Tumia kisu chenye meno, ulikate kwa upole, urudishe vipande kwenye nyuzi 120, dakika 15 kila upande, halafu zima oveni uviache vimalizikie humo.

Kuhusu mbadala wa sukari, mimi nachagua erithritoli bila kusita. Utamu wake ni kama asilimia 65 ya sukari, na ikipoa hurudi kuwa chembe ngumu, jambo ambalo biskuti kavu inalihitaji. Haileti kahawia, na huacha ubaridi ulimini, lakini ubaridi huo haugombani na anisi kama unavyogombana na chokoleti. Isage iwe laini kwanza, la sivyo utaitafuna kama mchanga. Alulosi, mbadala mwingine, huleta rangi nzuri, tena haraka, ila hushikilia unyevu, na biskuti hubaki laini hata ukiioka mara ya pili. Hiyo iwekee keki.