Chura wa Ukaguru asiyelia: jinsi spishi mpya inavyopata jina

Mwaka 2019 watafiti walipanda Milima ya Ukaguru, Tanzania, wakimtafuta chura adimu aitwaye Churamiti maridadi. Jina hilo halihitaji mkalimani. Wanasayansi waliomwelezea mwaka 2002 walilichota katika Kiswahili moja kwa moja. Safari hiyo hawakumpata, ila walikutana na chura mwingine, mdogo, wa jamii ya vyura wa matete, ambaye hakulingana sawasawa na yeyote aliyekwisha kuandikwa. Mwaka 2023 akatangazwa rasmi kuwa spishi mpya: Hyperolius ukaguruensis.

Ni miaka minne kati ya kumwona na kumpa jina. Watu hutuuliza sisi watafiti muda wote huo hupotelea wapi, nasi tunawiwa jibu, kwa sababu kumwona chura ni sehemu ndogo sana ya kazi. Wakazi wa milimani huenda wamekuwa wakimwona tangu enzi za mababu. Kinachomfanya awe mpya kwa sayansi ni kulinganishwa na ndugu zake wote wanaojulikana, mmoja mmoja, hadi ithibitike kwamba hakuna jina linalomfaa.

Tunapima urefu wa mwili kutoka puani hadi tundu la haja, upana wa kichwa, ukubwa wa jicho, ngozi iliyopo kati ya vidole. Tunachukua kipande kidogo cha ini au msuli na kukihifadhi katika spiriti kwa ajili ya vinasaba, na hili hufanywa kabla mwili haujatiwa formalini, dawa ya kuuzuia usioze, kwani formalini huviharibu. Kisha huja sauti. Kwa vyura wengi mlio wa dume ni kama kitambulisho: jike hauitikii mlio wa spishi nyingine, na vyura wawili wanaofanana kama mapacha wanaweza kutofautishwa kwa kurekodiwa tu. Hapo ndipo chura wa Ukaguru anaposhangaza. Yeye na ndugu zake wa karibu hawaiti. Madume wana vijimiba kooni, na inadhaniwa jike huvigusa ili amtambue dume wa aina yake. Ukitembea msituni usiku ukisikiliza tu, utampita.

Lipo swali linalowaumiza wengi, nasi pia: kwa nini chura adimu auawe awekwe kwenye chupa? Kila jina la spishi hufungwa kwenye kielelezo kimoja, holotaipu, kinachotunzwa makumbusho ili mtu yeyote baada yetu aweze kukihoji. Picha haiwezi kufunguliwa ikaangaliwa mifupa. Mwaka 2025 watafiti walieleza spishi tatu mpya za vyura wa miti wa Tanzania wanaozaa watoto badala ya kutaga mayai, ambao kwa muda mrefu walihesabiwa kuwa spishi moja, Nectophrynoides viviparus. Waliweza kuwatenganisha kwa sababu, pamoja na mambo mengine, vinasaba vilipatikana katika vielelezo vilivyokusanywa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Hata hivyo tunachukua wachache mno, na kwa kibali.

Haraka yetu inatokana na mahali wanapoishi. Milima ya Tao la Mashariki, safu ya milima ya Tanzania na kusini mwa Kenya, Ukaguru ikiwamo, ni kama visiwa: kila mlima una misitu yake na viumbe wasiopatikana penginepo, na misitu hiyo inamegwa na mashamba, kuni na mbao. Spishi inaweza kwisha pamoja na bonde moja.

Kihansi ilitufundisha hivyo. Mwaka 1996, ujenzi wa mradi wa umeme ukiwa umekwisha kuanza, wanasayansi walikuta kwenye korongo la Mto Kihansi, Milima ya Udzungwa, chura wa rangi ya dhahabu asiyefika sentimita 3, akiishi katika takriban hekta 2 tu zinazoloweshwa na marasharasha ya maporomoko. Alielezwa rasmi mwaka 1999 kwa jina la Nectophrynoides asperginis, neno la pili likitokana na Kilatini cha marasharasha hayo. Mwaka uliofuata sehemu kubwa ya maji ilielekezwa kwenye mitambo na makazi yake yakakauka. Vinyunyizio vikafungwa korongoni, na vyura 499 wakapelekwa Marekani kuzalishwa katika bustani za wanyama. Waliobaki waliporomoka ghafla mwaka 2003. Kuvu anayeshambulia ngozi ya vyura alikutwa kati yao. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Kizazi cha wale waliosafirishwa kilianza kurudishwa Kihansi mwaka 2012.

Sidhani kama kuna ambaye angefunga vinyunyizio, au kusafirisha vyura kwa ndege, kwa ajili ya kiumbe kisicho na jina. Kisichoandikwa hakiingii kwenye ripoti ya athari za mazingira wala kwenye orodha ya viumbe walio hatarini.

Ukikutana na chura usiyemfahamu, mwache alipo. Mpige picha kwa ubavuni na kooni, rekodi mlio wake kwa simu kama analia, andika mahali na saa, kisha wapelekee watafiti wa chuo kikuu au makumbusho. Usimhamishe kijito. Na kabla ya kuingia msitu mwingine, osha tope lote kwenye viatu, uvikaushe kabisa, maana kuvu yule husafiri kwa tope na maji.