Dawa ya Asili ya Kisukari: Tuambie Kwanza Unameza Nini

Kila inapokaribia Agosti 31, Siku ya Tiba Asili ya Mwafrika, wanaofika dirishani kwetu huongezeka, na wengi huuliza: mitishamba gani inafaa kwa sukari? Kama mfamasia, siwezi kukutajia mti kabla sijajua kipimo chako cha karibuni na vidonge unavyomeza.

Mama mmoja alinifungulia mkoba wake. Ndani mlikuwa na vidonge vya glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari, alivyoandikiwa kliniki, na chupa ya maji iliyojazwa unga wa kijani. Karatasi iliyobandikwa ilisema: "Sukari, presha, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume." Alikuwa akitumia vyote pamoja. Siku hiyo alitetemeka, jasho likimtiririka, na mashine ya kupima sukari ikasoma 2.9 mmol/L.

Karela, uwatu na majani ya mlonge vinaweza kushusha sukari. Glibenklamidi na insulini nazo zinashusha. Ukivijumlisha bila kupima, sukari inaporomoka. Ikiwa chini ya 4 na mgonjwa anaweza kumeza, apewe maji ya sukari mara moja, kisha apelekwe kituo cha afya. Mjamzito asitumie karela wala mwarobaini kama dawa.

Kuna kauli nimechoka kuisikia: "Ni ya asili, haina madhara." Mbegu za nyonyo ni za asili, na zina sumu inayoua! Isitoshe, si kila unga wa asili ni majani matupu. Mwaka 2008 huko Singapore, watu zaidi ya 100 wasio na kisukari walilazwa sukari ikiwa imeshuka vibaya, baada ya kutumia dawa za nguvu za kiume, nyingine zikiuzwa kama mitishamba. Ndani yake mlikutwa glibenklamidi.

Sasa usajili, maana hapa wengi wanachanganya. Hapa Tanzania, chini ya Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya 2002, Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala husajili mganga, kituo chake na dawa yake, kila kimoja peke yake. Cheti cha mganga kilichoning'inizwa ukutani hakiisajili dawa iliyo mezani. Mganga huanzia serikali ya mtaa au kijiji, akapita kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri, ndipo maombi yafike Baraza. Sampuli ya dawa hupimwa usalama katika maabara, ikiwemo ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Tangazo nalo linahitaji kibali. Kutoa huduma bila kusajiliwa ni kosa la kukufikisha mahakamani.

Kwa hiyo muulize muuzaji namba ya usajili ya dawa yenyewe. Akikuonyesha ya kwake, bado hajakujibu.

Ukija kliniki, njoo na chupa pamoja na karatasi yake, usiimwage njiani kwa kuogopa kufokewa. Tunachotaka kujua ni kilichomo, umeanza lini, na kijiko ulichopimia ni cha chai au cha chakula.