Ravioli za uyoga wa mwituni na vita vyangu na maji

Siku ya kwanza kuachiwa ravioli peke yangu, vile vifuko vya unga wa tambi vyenye mjazo ndani, niliziharibu zote. Zilikuwa arobaini na kitu. Nilizipanga kwenye trei tangu saa nne asubuhi, nikazifunika kwa kitambaa, nikaenda zangu kumenya viazi. Saa saba mteja kaagiza, naenda kuziinua, hazibanduki. Chini zimelowa na kushikana na trei kama zimepigwa gundi. Zile chache nilizozinusuru zilipasukia ndani ya sufuria, na kilichobaki kikawa mchuzi wa kijivu wenye vipande vya unga vinavyoelea. Mpishi mkuu hakunigombeza. Alipitisha kidole kwenye trei, akakiinua mbele ya uso wangu kinang'aa maji, akarudi kwenye jiko lake.

Kazi hii nimeianzia Malindi, ambako Waitaliano ni wengi hata kijana wa ufukweni anakusalimu kwa Kiitaliano kabla hajakuangalia vizuri. Tambi za mayai nilizijulia huko. Uyoga wa mwituni nimekutana nao huku, Italia, kwenye milima ya Apenini juu ya mji wa Parma, na huu ni msimu wangu wa saba. Wengi mmeniandikia kuuliza kwa nini ravioli zenu zinapasuka. Zinapasukia kwenye maji, nakubali, lakini kosa mara nyingi limeshafanyika saa tatu kabla, kwenye kikaango.

Kwanza uyoga wenyewe. Mji wa uyoga huku ni Borgo Val di Taro, wenyewe husema Borgotaro, na uyoga wake unalindwa kwa jina na Umoja wa Ulaya tangu 1996. Chini ya jina hilo zimo aina nne: Boletus edulis, Boletus aereus, Boletus reticulatus na Boletus pinophilus. Sokoni zote ni porcini tu, hutamkwa "porchini", maana yake vijinguruwe. Nilipomtajia mama yangu kwenye simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, ndiyo umeanza kula nguruwe huko?" Hasha, mama, ni uyoga, umeitwa hivyo kwa unene wake. Shina limevimba kama kitambi, na chini ya kofia hakuna zile karatasi za uyoga wa kawaida. Kuna kitu kama sifongo, cheupe ukiwa mchanga, kisha cha manjano, kisha cha kijani kilichofifia.

Kuokota kuna sheria zake. Unalipia kibali, na sheria ya nchi inataka mtu mmoja asizidishe kilo 3 kwa siku, achukue kikapu na asichukue mfuko wa plastiki. Kikapu kinaupa uyoga hewa, nao unaendelea kumwaga mbegu zake njiani. Kwenye plastiki unatoka jasho na kuoza kabla hujafika nyumbani. Ofisi za afya zina wakaguzi wa uyoga ambao mwokotaji wa kawaida huwapelekea kikapu chake wakakiangalia bure, na uyoga wa mwituni wa kuuzwa lazima upite kwao. Mimi naokota, na bado napeleka. Miaka saba msituni ni michache.

Hapa sitaki utani. Kuna uyoga uitwao Amanita phalloides, wa kijani kibichi kilichofifia, mzuri wa kutazama, na waliouponea wanasema hata ladha yake si mbaya. Sumu yake haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga, kukausha wala kugandisha. Unakula jioni, unalala salama, na kutapika na kuhara kunaanza baada ya saa sita, pengine hata kumi na mbili au zaidi. Kisha kunakuja nafuu ya uongo, mgonjwa anadhani yamepita, na wakati huo ini linakufa. Yale mambo ya kuweka kitunguu saumu au sarafu ya fedha kwenye chungu uone kama itageuka rangi ni uongo mtupu. Na ukiwa Iringa au Kakamega, usichukue picha ya uyoga wa Italia ukaingia nayo porini. Uyoga wa kwetu una wajuzi wake, kina mama wanaouokota tangu utoto, na hao ndio wa kuulizwa.

Kuna mwingine asiyeua lakini anayeharibu siku, Tylopilus felleus. Kwa juu unafanana na porcini hasa. Tazama shina: porcini lina wavu mwembamba uliopauka, huyu wavu wake ni wa kahawia iliyokolea, na sifongo yake ikikua inaingia rangi ya waridi. Ni mchungu kama shubiri. Mmoja tu ukiingia kwenye kikaango cha kilo 2, unamwaga kilo 2.

Sasa jikoni. Porcini hauoshwi kwa kuloweka. Ile sifongo inanywa, na kila inachokunywa utakuja kukilipia. Kwaruza udongo wa shina kwa kisu, pangusa kofia kwa kitambaa chenye unyevu, kisha ukate katikati uangalie funza. Tundu moja mbili, kata sehemu hiyo endelea. Ukiona shina limekuwa chujio, tupa. Kwa watu wanne nachukua gramu 600 za uyoga mbichi. Nikiwa na aina mbili tatu ni bora zaidi: porcini kwa mwili, na ile ya manjano inayoitwa galletti huku kwa harufu yake ya matunda. Nachanganya na gramu 20 za porcini mkavu, hata wakati wa msimu, kwa sababu ule mkavu ndio wenye sauti. Mbichi peke yake ukishafungwa ndani ya unga na kuchemshwa unanong'ona tu.

Uyoga mbichi ni maji kiasi cha tisa kwa kumi. Gramu 600 zile, zikipikwa sawasawa, hazitafika 300. Chukua kikaango kipana, kipate moto hasa, mafuta kidogo ya zeituni, uyoga uingie kidogo kidogo bila kurundikana. Chumvi bado. Uyoga utatoa maji na kuanza kuchemka ndani ya maji yake, na hapa ndipo wengi wanaposhtuka, wanapunguza moto, wanafunika. Acha wazi. Sikiliza. Mwanzoni utasikia mchemko mzito, blup blup, kama uji. Baadaye mlio unabadilika, unakuwa mkavu na mwembamba, kama vitunguu vya biriani vinavyoanza kukauka. Kabla ya mlio huo hakuna kitu cha kufanya pale jikoni. Ukishausikia, tia kipande cha siagi, punje moja ya kitunguu saumu iliyopondwa, chumvi, dakika mbili za kupaka rangi, epua.

Ule mkavu uloweke kwenye maji ya vuguvugu nusu saa, uukamue, uukatekate, uukaange pamoja. Maji yake usimwage. Yachuje kwa kitambaa, maana chini hukaa mchanga, uyaweke kando.

Uyoga ukipoa, nusu uukate laini sana kwa kisu na nusu uuache vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Mashine ya kusaga inaufanya uji, nami siipendi. Changanya na gramu 150 za ricotta, jibini laini nyeupe, iliyolala kwenye chujio usiku kucha ndani ya friji, gramu 50 za jibini ngumu ya Parmigiano Reggiano iliyokunwa, kiini kimoja cha yai na kungumanga kidogo sana. Wanaouliza kuhusu halali: Parmigiano Reggiano kwa kanuni zake hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, na uamuzi nawaachia wenyewe. Anayekwepa atafute jibini ngumu iliyogandishwa kwa kimeng'enya cha mimea.

Halafu jaribio langu, ambalo nisingelijua bila ile trei ya siku ya kwanza. Weka kijiko cha mjazo juu ya karatasi ya jikoni, subiri dakika tano. Pakitokea duara la maji linalotanuka kuzunguka mjazo, haujawa tayari. Rudisha motoni, au uongeze jibini na chenga kidogo za mkate mkavu. Alama ndogo ya mafuta haina neno.

Unga ni gramu 300 za ngano nyeupe laini na mayai 3 makubwa. Huku wanatumia unga wa namba 00, lakini ule wa ngano wa kawaida wa kwetu unafanya kazi. Hakuna maji, hakuna mafuta, na hata chumvi mimi siweki. Aliyezoea kukanda chapati atadhani amekosea, kwa sababu donge hili ni gumu na linakataa. Kanda dakika kumi hadi kumi na tano kwa kiganja, ukilikunja na kulisukuma, mpaka liwe laini kama shavu la mtoto. Lifunge vizuri, ulipumzishe nusu saa. Ukiliharakisha litakurudia: unasukuma, linajikunja.

Sukuma kidogo kidogo, donge lililobaki likiwa limefunikwa. Wenye mashine watumie mashine. Mimi natumia mti mrefu wa kusukumia, na kipimo changu ni gazeti: ukilaza shiti ya unga juu yake, herufi kubwa zionekane. Hapa maji yanakugeukia upande wa pili. Tulikuwa tunayafukuza kwenye mjazo, sasa unayataka kwenye unga, kwani shiti ikipigwa na hewa dakika kumi kingo zinakauka na hazishikani tena. Manda za sambusa tumezoea kuzifunga kwa uji wa ngano. Hapa usijaribu, utapata mshono mnene usioiva. Shiti ikiwa mbichi inajishika yenyewe, na ikianza kukauka, ncha ya kidole iliyochovywa maji inatosha.

Weka kijiko cha chai cha mjazo kila baada ya sentimita 5, funika na shiti ya pili, kisha bonyeza kwa vidole kuanzia kwenye mjazo kwenda nje. Ukianza nje kuja ndani unaifungia hewa. Hewa ikipata moto inatanuka, inasaidiana na mvuke wa uyoga, na ravioli inavimba kama puto mpaka mshono unaachia. Kata, kagua kila kingo, panga kwenye trei iliyonyunyiziwa semolina, ule unga wa ngano wa chenga chenga, zisigusane.

Na usiziache! Zipike ndani ya saa moja, la sivyo zigandishe hapo hapo juu ya trei, zikiwa ngumu uzitie kwenye mfuko wa friza. Zilizogandishwa zinaingia kwenye maji bila kuyeyushwa.

Sufuria iwe pana, chumvi gramu 10 kwa kila lita, maji yachemke kwa upole yakitikisika tu. Mchemko wa fujo unazigonganisha. Dakika tatu kwa mbichi, tano kwa zilizogandishwa, na uzitoe kwa upawa wa matundu. Ukizimwaga kwenye chujio umejisumbua bure tangu asubuhi.

Wakati zinachemka, yale maji ya uyoga mkavu uliyoyachuja yachemshe kwenye kikaango mpaka yabaki vijiko vitatu, tia siagi, majani machache ya seji (kiungo cha majani yenye harufu kali), na kijiko cha maji ya kuchemshia. Tikisa kikaango mpaka vishikane. Ravioli ziingie, zizunguke mara moja, sahani. Krimu sitii. Mafuta ya trufo, uyoga ghali unaoota chini ya udongo, hayaingii jikoni kwangu kabisa: mengi yake ni mafuta ya kawaida yaliyotiwa harufu ya maabara, na yanaufunika uyoga uliouhangaikia msituni tangu alfajiri.

Pembe za unga zilizobaki baada ya kukata huku zinaitwa maltagliati, yaani zilizokatwa vibaya. Zinatupwa kwenye supu ya maharage, au unafanya kama mimi: dakika moja kwenye maji yale yale, juu yake ule mjazo uliobaki ukingoni mwa bakuli, na unakula umesimama kabla wateja hawajaingia.