Sikio lako linafika hezi ngapi? Lipime bila kujidanganya

Sikio changa na zima husikia kuanzia hezi 20, yaani mitetemo 20 kwa sekunde, hadi kama hezi 20,000. Kikomo hicho cha juu hushuka polepole tangu ujanani, na wengi wenye umri wa makamo hawasikii tena kinachozidi hezi 15,000.

Chanzo kiko ndani ya koklea, mrija wenye majimaji uliojiviringa kama gamba la konokono. Humo zimepangwa seli zenye vinyweleo, kila eneo na sauti yake: sauti nyembamba hupokelewa pale mlangoni, nzito hupokelewa kule ndani kabisa. Za mlangoni ndizo hutangulia kufa kwa umri na kelele, na zikifa hazioti tena.

Kujipima nyumbani kunawezekana. Tafuta mahali patulivu, spika nzuri za masikioni na programu ya simu inayotoa milio ya hezi mbalimbali. Anza na mlio wa hezi 1,000, urekebishe ukubwa wa sauti usikike vizuri bila kukera, kisha usiuguse tena. Hapa nasisitiza: usiposikia kitu kwenye hezi 17,000, usiongeze sauti. Mlio usiousikia unaweza kuwa na nguvu ya kuumiza sikio, na ukirudi kwenye hezi 3,000 bila kupunguza, utakupiga vibaya.

Kosa ninalokutana nalo zaidi ni la “tik”. Mlio ukianza au kukatika ghafla, spika hutoa mdato mdogo, na mtu anayeusikia huapa kwamba amesikia hezi 19,000. Mwombe mwenzako akae nyuma yako, aupandishe mlio taratibu kutoka kimya, na mara nyingine asicheze chochote. Wewe inua mkono unaposikia. Ukiinua wakati wa kimya, matokeo hayo yatupe, anza upya. Tena, kadiri hezi zinavyopanda, mlio lazima uzidi kuwa mwembamba. Mlio ukigeuka mnene ghafla, unasikia kasoro ya kifaa. Na mlio ukinyamaza karibu na hezi 16,000, jaribu kifaa kingine kwanza, kwa sababu spika nyingi hudhoofika huko, na faili nyingi za sauti zilizobanwa ili zipungue ukubwa hukatwa hapo.

Kuishia hezi 13,000 ukiwa mtu mzima si ugonjwa. Mazungumzo karibu yote yako chini ya hezi 8,000, ndiyo maana kipimo cha kawaida cha kliniki hupima kati ya 250 na 8,000. Upungufu ukishuka hadi huko, konsonanti kama s na f ndizo huanza kupotea: “sisi” na “fisi” zinakaribia kufanana, hasa penye kelele. Mwenye tatizo hili husema, “Nasikia, ila sielewi wanachosema.” Kauli hiyo hunishtua kuliko namba yoyote ya hezi utakayoipata kwa kujipima na simu.

Nenda ukapimwe ukisema kauli hiyo mara kwa mara, masikio yakivuma bila kukoma, au sikio moja likizidiwa na jingine. Sikio likipoteza usikivu ghafla, nenda siku hiyo hiyo, maana tiba ikichelewa nafasi ya kupona hupungua. Na ukiandikiwa sindano za gentamaisini, dawa ya kuua bakteria, au tiba ya saratani yenye sisiplatini, muulize daktari kuhusu kipimo cha milio iliyo juu ya hezi 8,000. Madhara ya dawa hizo kwa kawaida huanzia huko, kabla mgonjwa hajahisi lolote katika mazungumzo.