"Fundi, zilegeze kidogo": ninayoambiwa kila siku kuhusu magurudumu ya baiskeli za mbio

"Fundi, spoki zinakatika kwa sababu zimekazwa mno. Naomba uzilegeze kidogo." Wiki hii pekee nimeyasikia maneno hayo kwa watu watatu. Mmoja wao alikuwa ameshachukua spana ya spoki na kuzilegeza mwenyewe, nusu mzunguko kila moja, na gurudumu likafika kwangu likiyumba kama mlevi. Alitaka nilinyooshe bila kulikaza. Hilo haliwezekani, na nimechoka kulieleza kwa mtu mmoja mmoja.

Spoki si nguzo. Ni waya uliovutwa, na gurudumu linasimama kwa sababu nyaya zote zinavutana kwa wakati mmoja. Ukikaa kwenye siti, zile spoki chache zilizo chini ya habu (kile kitovu cha gurudumu), zinazoelekea pale tairi inapogusa barabara, hupungukiwa na mvuto. Za juu na za pembeni karibu hazibadiliki. Gurudumu linapozunguka, kila spoki inafika chini kwa zamu yake, inalegea kidogo, kisha inavutika tena. Gurudumu la 700C, saizi ya kawaida ya baiskeli za mbio, lenye tairi ya milimita 25 huzunguka mara 475 hivi kwa kila kilomita. Kwa mwendesha baiskeli aliyemaliza kilomita 3,000, kila spoki imelegea na kuvutika zaidi ya mara milioni 1.4.

Hapo ndipo spoki inapofia. Chukua waya, uvute kwa mikono miwili mpaka jasho likutoke: haukatiki. Ukunje na kuukunjua mara ishirini mahali pamoja, utabaki na vipande viwili. Spoki nzuri ya milimita 2 huhitaji mvuto wa zaidi ya kilo 250 ndipo ikatike kwa kuvutwa, na rimu nyingi za mbio (rimu ni ile duara ya nje inayobeba tairi) hukazwa kilo 100 hadi 120 tu kwa spoki za upande wa gia. Kwa hiyo mtu anayesema spoki yake imekatika kwa kukazwa ananiambia kwamba mahali fulani kuna fundi aliyekaza zaidi ya mara mbili ya kiwango bila rimu kupasuka. Sijakutana naye bado.

Kinachotokea ni kinyume chake. Kukaza hakuzuii spoki isipungukiwe na mvuto inapopita chini, ila kunahakikisha haifiki sifuri. Ikifika sifuri inacheza kwenye tundu la habu, kile kipinda chake karibu na kichwa kinakunjwa na kukunjuliwa, na nati yake, ile inayoifunga kwenye rimu, inaanza kujifungua kwa mtikisiko. Ndiyo maana spoki nyingi ninazoletewa zimekatikia kwenye kipinda, si katikati.

Mbaya zaidi ni upande wa kushoto wa gurudumu la nyuma. Kwa sababu ya kaseti (lile rundo la gia za nyuma, upande wa kulia), spoki za kulia zinasimama karibu wima na zinahitaji mvuto mkubwa ili rimu ikae katikati. Za kushoto zimelala zaidi, kwa hiyo mvuto wa karibu nusu ya ule wa kulia, au zaidi kidogo, unatosha kusawazisha. Maana yake ni kwamba za kushoto zina akiba ndogo tangu siku ya kwanza. Sasa mrudie yule mteja wangu. Mzunguko mzima wa nati husogeza uzi takriban milimita 0.45, na spoki ya milimita 2 iliyokazwa kilo 100 hurefuka karibu nusu milimita tu. Piga hesabu mwenyewe uone nusu mzunguko unaondoa kiasi gani. Za kulia zilivumilia. Za kushoto zilikuwa kama kamba ya kuanikia nguo.

Je, kukaza kupita kiasi kupo? Kupo. Lakini anayeumia kwanza ni rimu. Utaona nyufa ndogo kuzunguka matundu ya spoki, au gurudumu linajipinda ghafla lote kwa pamoja unapoendelea kukaza. Kila rimu ina kikomo chake kilichotolewa na mtengenezaji, na kipimo cha mvuto wa spoki ni kifaa ambacho fundi wa magurudumu hana udhuru wa kukikosa. Kama fundi wako anapima kwa kubinya spoki na kutikisa kichwa, tafuta mwingine.

Ndugu ya dhana hii ni ile ya "niwekee spoki nene, ndizo imara." Spoki bora kwa mbio ni nene milimita 2 kwenye ncha zake na nyembamba katikati, milimita 1.8 au hata 1.5. Ile sehemu nyembamba hurefuka zaidi kwa mvuto uleule, kwa hiyo rimu inapobonyea kidogo pale chini, spoki bado ina urefu wa akiba na hailegei kabisa. Pia inakipunguzia kipinda mzigo. Spoki nene kutoka ncha hadi ncha ni ngumu na ya bei rahisi, na ndiyo inayokatika mapema. Najua haikubaliki akilini kirahisi. Wateja huitazama ile nyembamba kama vile nawaibia chuma.

Nyingine inayotoka kwenye familia hiyohiyo: "Gurudumu limenyooka, basi ni zima." Unaweza kunyoosha gurudumu kwa kukaza spoki mbili kupita kiasi na kuacha jirani zao zimelegea. Litanyooka kwenye stendi, utafurahi, na baada ya wiki mbili litakuwa limerudi lilikotoka. Jambo la kuangalia ni usawa wa mvuto kwa spoki za upande mmoja. Kama huna kipimo, zipige kwa ukucha karibu na katikati, moja baada ya nyingine. Za upande mmoja zinapaswa kutoa sauti zinazokaribiana. Ile inayotoa sauti nzito kuliko wenzake ndiyo mgonjwa, hata kama rimu haichezi. Fanya hivyo kila unapoosha baiskeli. Ni kazi ya dakika moja.

Na hapa nina sheria yangu, wanaonijua wanaicheka: spoki tatu. Ya kwanza ikikatika, nabadilisha hiyo moja na kuangalia kama cheni iliwahi kudondoka nyuma ya kaseti na kuzikwaruza. Ya pili, napima mvuto wote upya. Ya tatu ikikatika bila mkwaruzo, sibadilishi moja tena. Zote zimezunguka kilomita zilezile na zote zimechoka, kwa hiyo nafunga spoki mpya gurudumu zima, au mteja alichukue kama lilivyo. Spoki mpya nazibinya mbilimbili kwa nguvu, zile zinazokwenda sambamba, mpaka nione zimekaa vizuri kwenye habu, kisha napima tena. Fundi asiyezibinya anakuachia wewe kazi hiyo uifanye barabarani, huku ukisikia zinalia tik tik kilomita za kwanza.

Haya mengine nitayapitia haraka, maana hayanikoseshi usingizi.

"Jaza upepo mpaka tairi iwe ngumu kama jiwe, ndipo itembee." Imani hii imetokana na vipimo vya kuzungusha tairi juu ya ngoma laini ya chuma, yaani pipa linalozunguka, ambako kila ongezeko la upepo hupunguza ukinzani. Barabara si ngoma. Tairi ngumu kupita kiasi hurukaruka juu ya kila kijiwe na kumtikisa mwendeshaji, na nguvu inayopotea kwenye mtikisiko huo ni ileile uliyoitoa miguuni. Ndiyo maana hata wataalamu wa mbio wameachana na tairi za milimita 23 wakahamia za 28 na zaidi, kwa upepo mdogo. Mtu wa kilo 70 mwenye tairi za 28 anaweza kuanzia karibu psi 70 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo) nyuma na pungufu kidogo mbele, kisha arekebishe kulingana na barabara yake. Na kama rimu zako ni zile zisizo na ndoano ya kushika ukingo wa tairi, hili si suala la ladha tena: kikomo ni psi 72.5, na tairi lazima iwe imeruhusiwa kwa rimu hizo. Ukizidisha, tairi inaweza kuruka kutoka kwenye rimu ukiwa kwenye mteremko.

"Gramu moja ya gurudumu ni sawa na gramu kumi za fremu." Hapana. Gramu iliyo kwenye ukingo kabisa wa rimu huhesabika kama mbili, na ni pale unapoongeza mwendo tu. Ukipanda kilima kwa mwendo wa kudumu, gramu ni gramu. Tuseme wewe na baiskeli mna kilo 80, na magurudumu mapya yamepungua gramu 400. Hiyo ni nusu ya asilimia moja. Kwenye kilima cha saa nzima umeokoa sekunde 18, tena hapo nimekuhurumia. Kwenye tambarare, kinachokula nguvu zako ni upepo, na rimu yenye kina cha milimita 40 au 50 itakusaidia zaidi kuliko rimu nyepesi fupi. Ukiwa mwepesi wa mwili na unapita kwenye upepo wa ubavuni, weka yenye kina zaidi nyuma na fupi mbele, kwa sababu ni gurudumu la mbele linalovuta usukani.

"Breki zinashika vizuri, rimu bado nzima." Kwa breki za rimu, padi zinakula rimu kila unaposhika. Rimu nyingi za alumini zina kitundu kidogo au mfereji kwenye ukuta wa breki, na ukiutafuta kwa kidole usiupate, rimu imekwisha. Weka rula kwenye ukuta huo: ukiona umebonyea katikati kama kijiko, usisubiri upasuke. Wenye rimu za kaboni, tumieni padi za kaboni tu, na msihamishe padi zilizotumika kwenye alumini. Vipande vya chuma vilivyozama ndani yake vitachimba kaboni yenu kama patasi.

"Maji ya kubandika pancha yakishawekwa ni basi." Yanakauka. Baada ya miezi michache unabaki na ngozi kavu ndani ya tairi na upepo wa kawaida tu. Tikisa gurudumu karibu na sikio lako. Usiposikia maji, ongeza.

"Habu inayolia kwa sauti kubwa ndiyo ya kifahari." Wengi huniuliza hili wakiwa wanatabasamu, kwa hiyo sikasiriki. Sauti hutokana na idadi ya vimeno (vile vya ndani vinavyoshika unapokanyaga na kuruka unapoacha), umbo lake na springi zake, na pia grisi iliyomo. Habu iliyokuwa kimya ikaanza kulia kwa nguvu haijapanda cheo. Mara nyingi grisi imekauka au imeoshwa na pampu ya maji ya shinikizo, na beringi zilizo kando yake zimekunywa maji hayohayo. Ifungue, uifute, uipake grisi nyepesi. Grisi nzito ya beringi usiiweke hapo, kwa sababu vimeno vitanata na pedali itazunguka bure siku utakaposimama kukimbilia mstari.