Mac yako haina virusi, ila akaunti yako imeibiwa

Jumatatu alikuja dukani kwangu Michenzani, hapa Unguja, bi mmoja mwenye nyumba ya wageni Jambiani, Mac yake, kompyuta ya Apple, kaipakata kifuani. Wageni wake wawili walikuwa wamemlipa mtu wasiyemjua. Ujumbe waliupata kutoka kwenye akaunti yake mwenyewe ya kupokelea oda za vyumba: una majina yao, una tarehe zao za kufika, unawataka walipe upya kwa kadi la sivyo chumba anapewa mwengine. Nikamuuliza: "Bi, wiki hii kuna ukurasa wowote uliokutaka uandike pasiwedi?" Swali hakulijibu. Akaniambia, "Fundi, hii ni Mac. Mac haiingii virusi. Itakuwa Wi-Fi."

Nimeshachoka na sentensi hii. Inanijia kwa sura tatu. Mwenye Mac anasema haugui. Kijana wa chuo aliyeweka Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, anasema haibiwi. Mwenye Windows keshakata tamaa: "Si Windows, fundi, itakufa tu." Wote watatu wamekamata jina la mfumo na kuacha hali yake, mithili ya mtu anayenunua ngalawa kwa kuangalia rangi ya tanga bila kuinama kutazama kalafati.

Mac kwanza, maana ndiyo iliyoniudhi. Kirusi cha mwanzo kusambaa mitaani kwenye kompyuta za watu binafsi ni Elk Cloner cha 1982, kilichoandikwa na mwanafunzi wa skuli wa Marekani, Rich Skrenta, na kiliandikwa kwa Apple II. Kompyuta za IBM zilisubiri hadi 1986, kilipotoka kirusi cha Brain huko Lahore, Pakistan. Mashine za Unix, ukoo wa Linux na wa Mac za leo, zilishambuliwa na mnyoo wa Morris, programu inayojisambaza yenyewe, Novemba 1988, zikakadiriwa kama 6,000 wakati intaneti nzima ilikuwa na mashine kama 60,000. Hakuna ukoo usio na maiti.

Halafu ikaja 2012. Flashback, programu hasidi, iliingia kwenye Mac zaidi ya 600,000 kupitia tundu la Java, programu ya kuendeshea programu nyengine. Oracle, wenye Java, walishatoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu, Februari. Apple wakati ule walikuwa wakisambaza Java yao wenyewe kwa watumiaji wa Mac, na kiraka chao hakikutoka mpaka Aprili. Katika kipindi hicho mtumiaji hakuwa na la kufanya ila kuizima Java. Alikuwa na tundu, na dawa iko kwa jirani. Novemba 2017 likatoka jengine la kustaajabisha: kwenye macOS High Sierra, mfumo wa Mac wa wakati ule, uliandika "root", ukaacha sehemu ya pasiwedi tupu, ukabonyeza mara kadhaa, ukawa mkubwa wa mashine. Hilo Apple walilifunga siku moja baada ya kutangazwa. Na tangu 2023 kuna Atomic Stealer, programu ya wizi ya Mac inayokodishwa kwa mwezi kama nyumba, kazi yake kukusanya pasiwedi na pochi za sarafu za kidijitali. Mara nyingi mtu huiingiza kwa mkono wake, kwa kupakua programu ya kulipia iliyotolewa bure.

Sisemi Mac ni mbovu. Tangu 2020 sehemu ya mfumo wenyewe imefungwa kwa muhuri, hata mwenye mashine hawezi kuichezea hivi hivi, na nauheshimu ulinzi huo. Mac inayopata masasisho, mbele ya Windows iliyochakachuliwa, nitachagua Mac bila kufikiri. Lakini ukurasa wa uongo wa kuibia pasiwedi hauulizi unatumia mfumo gani. Unafunguka sawasawa kwenye Mac, Windows, Linux na simu. Pasiwedi umeiandika wewe.

Sasa Windows, na hapa ndipo penye maneno.

Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150 na kudai fidia. Hospitali za umma za Uingereza ziliahirisha matibabu. Kilikuwa hakihitaji mtu abonyeze chochote. Kilipita kwenye huduma ya kugawana mafaili, kutoka mashine moja hadi nyengine. Watu walisema: unaona, Windows. Lakini kiraka cha tundu lile Microsoft walikitoa tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Walioumia wengi walikuwa na Windows 7, mfumo ambao wakati huo bado ulikuwa unahudumiwa. Iweke hii karibu na Flashback. Muda ni karibu ule ule. Kule mwenye mfumo ndiye aliyechelewa kuleta kiraka, huku mwenye mashine ndiye aliyechelewa kukibandika. Nikipimiwa usalama wa mfumo, huo muda ndio ninaoutaka: tangu tundu lijulikane hadi kiraka kifike kwenye mashine iliyo mbele yangu, siku ngapi? Jina la mfumo haliniambii.

Na kwetu hapa siku hizo ni nyingi, kwa sababu ninazozijua kwa macho. Bando ni pesa. Masasisho ya mwezi ya Windows ni megabaiti mia kadhaa, pengine gigabaiti nzima, na mtu anatumia hotspoti ya simu. Basi anakwenda kuzima masasisho, na mafundi wenzangu wanamzimia kwa ujira, tena wanalitangaza kama fadhila: "Nimekuzimia apdeti, sasa haitakusumbua." Jamani! Umemzibia mtu dirisha la hewa ukamwambia umemkinga na vumbi.

La pili ni hilo la kuchakachua. Windows isiyolipiwa inafunguliwa kwa kiprogramu ambacho maelekezo yake ya mwanzo kabisa ni: zima Defender, kinga ya virusi ya Windows yenyewe. Soma tena. Kazi ya kwanza ni kumfukuza mlinzi, ya pili ni kumkabidhi mgeni usiyemjua funguo zote, maana kiprogramu hicho huendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi. Baada ya hapo mtu anakuja kuniambia Windows haina usalama. Ile Windows iliyotoka kiwandani hujawahi kuitumia, mwanangu. Unayotumia ni Windows ya yule aliyekutengenezea kiprogramu.

Hapa lipo jambo sijalimaliza na nafsi yangu. Maalim wa skuli anakuja na kompyuta ya mtumba, mshahara ninaujua, bei ya leseni ninaijua. Nikimkatalia, atakwenda duka la pili na atachakachuliwa vibaya zaidi. Siku nyingi zilizopita niliwafanyia wengi. Sasa siwafanyii, namwekea Linux Mint, namwonesha pa kuandikia mitihani, na nusu yao wanarudi baada ya wiki kwa sababu faili la Word limevurugika lilipofika ofisini. Sina jibu linalomfaa yule anayerudi.

Na jambo hili limekuwa zito zaidi, maana Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za karibuni. Mitumba mingi inayoshuka hapa haina sifa hizo. Mashine nzima, kioo kizima, ila viraka havitoki tena kama zamani. Mashine kama hizo ndizo ninazozitolea hoja ya Linux kwa nguvu zote. Hoja yangu ni moja tu: viraka bado vinakuja, na bure. Usiniambie haidukuliwi.

Maana hao wa Linux nao wana lao. Wanasema msimbo uko wazi, macho ni mengi, tundu halijifichi. Tundu la Shellshock lilitangazwa Septemba 2014, na lilikuwa ndani ya Bash, programu ya kupokea amri, tangu 1989: miaka 25, macho yote yakiwa wazi. Halafu kuna ile ya Machi 2024, inayonikosesha usingizi mpaka leo. Mtu aliyejiita Jia Tan alijitolea kwenye mradi mdogo wa xz, programu ya kubana mafaili, kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, akakabidhiwa, kisha akapenyeza mlango wa siri wa kuingilia kwenye seva. Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, kwa sababu kuingia kwa SSH, njia ya kuingilia kompyuta kwa mbali, kulichelewa kama nusu sekunde na akataka kujua kwa nini. Wenye Linux husema: umeona, tulimkamata. Ndiyo, kwa kuwa alikuwapo mtu mmoja asiyeidharau nusu sekunde. Siwezi kukuuzia hilo kama ulinzi.

Na tafadhali msiniletee orodha za idadi ya matundu, mfumo huu una mia, ule una elfu. Tangu Februari 2024 wasimamizi wa kiini cha Linux wanazitoa wenyewe namba za CVE, ndizo za kuorodheshea matundu, na wanaipa namba karibu kila hitilafu iliyorekebishwa ambayo yaweza kugusa usalama. Hesabu ikapaa mwaka huo huo. Je, Linux iliharibika ghafla? Waliobadilika ni wanaohesabu.

Tuje kwenye uimara, ambao watu wanauchanganya na usalama. Mashine yaweza kuwa salama na kufa kila wiki. Waliokuwapo hapa Unguja wanakumbuka waya wa baharini ulipoharibika Disemba 2009, umeme ukarudi Machi 2010. Miezi mitatu ya jenereta. Nilikuwa bado najifunza kazi, na nilizika diski nyingi sana za kompyuta. Pale ndipo nilipojua kwamba kuzimika ghafla ndio mtihani wa mfumo.

NTFS ya Windows na ext4 ya Linux, mitindo ya kutunza mafaili kwenye diski, zote zina daftari. Kama muuza duka makini: anaandika kwanza anachotaka kufanya, kisha anafanya, umeme ukikatika, ukirudi anasoma daftari na kuendelea. Lakini daftari la NTFS linatunza mpangilio, yaani jina la faili na mahali lilipo. Yaliyomo ndani hayaandikwi humo. Ndiyo sababu mtu anawasha kompyuta, faili la mahesabu analiona lipo, akilifungua ni tupu. Anasema kirusi kimekula. Hakuna kirusi. Na mwenye Linux asicheke: 2009 ext4 ilipokuwa changa ilizua malalamiko makubwa ya mafaili kubaki na baiti sifuri baada ya mashine kuzimika, kwa sababu ilikuwa ikichelewesha kuandika ili iende mbio. Wakairekebisha. Flashi zenu za FAT32, mtindo mwengine wa kutunza mafaili, hazina daftari kabisa, ndiyo maana nakukemea ukiichomoa kwa pupa.

Ila kwa haki, mashine nyingi zinazokufa mikononi mwangu zinauliwa na umeme unaopanda na kushuka, na hewa ya chumvi. Fungua kompyuta iliyokaa Nungwi miaka mitatu karibu na dirisha, utaona kutu ya kijani kwenye ubao. Mfumo gani unahimili hiyo? UPS ndogo, betri ya kushikilia umeme ukikatika, na kitambaa cha kufunikia vinafanya kazi kubwa kuliko ubishi wote wa Windows na Linux.

Nami nna hoja inayonipinga mwenyewe, sitaificha. Tarehe 19 Julai 2024 kompyuta za Windows kama milioni 8.5 zilianguka kwa mpigo, ndege zikabaki viwanjani. Halikuwa shambulio. Lilikuwa sasisho bovu la CrowdStrike, programu ya ulinzi inayokaa ndani kabisa ya kiini cha mfumo. Nyingi zilifufuliwa kwa mkono, moja moja. Kwa hiyo mimi ninayepiga kelele kila siku "sasisheni" najua sasisho lenyewe linaweza kukuangusha. Kwa mashine ya nyumbani bado nasema usisubiri. Kwa seva ya ofisi, mimi huijaribu kwenye mashine moja, nalala nayo siku mbili, ndipo nawapa wengine. Kama siku mbili ni nyingi au chache, kila mwezi nabishana na nafsi yangu.

Nikaikagua Mac ya yule bi mbele yake. Safi. Tukafungua barua pepe, ujumbe ukawa upo pale: "mgeni" analalamika, bonyeza hapa uone picha. Alibonyeza Ijumaa usiku, akaandika pasiwedi, na pasiwedi hiyo hiyo ndiyo ya barua pepe. Tukabadilisha zote mbili, tukawatoa waliokuwa ndani, tukaweka uthibitisho wa hatua mbili, nikamwambia awapigie wageni kwa sauti yake, asiwaandikie. Alipomaliza kuwapigia akaniuliza, kwa upole safari hii, kama na simu yake ya Android nayo niitazame. Ilikuwa haijapata sasisho la usalama kwa muda mrefu, na ndiyo inayopokea namba za uthibitisho wenyewe.